Chokoleti isiwaachishe watu vidonge vya presha

Ndugu Mhariri,

Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu zetu hapa Unguja kwamba chokoleti inasafisha mishipa na kuulinda moyo. Wanaoutuma husema umetoka kwenye utafiti. Utafiti upo kweli, lakini walichopewa watu mle sicho tunachonunua Darajani.

Kilichochunguzwa ni flavanoli, kemikali za asili zilizomo ndani ya mbegu za kakao, ambazo huisaidia mishipa ya damu kutanuka. Mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walitoa matokeo ya watu 100 wazima wa afya, wa miaka 35 hadi 60. Waliopewa kinywaji chenye miligramu 450 za flavanoli, mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi kuliko wenzao, na ile namba ya juu ya kipimo cha presha ikashuka kwa kama nne. Ni habari njema, nami naifurahia. Lakini ni mwezi mmoja, na hakuna aliyepewa pipi.

Aliyewahi kutafuna mbegu mbichi ya kakao kule Kizimbani anaujua uchungu wake. Sehemu ya uchungu huo ndiyo flavanoli zenyewe. Kiwandani mbegu huvundikwa, hukaangwa, na mara nyingi unga wake hutiwa kemikali za jamii ya magadi ili ulainike ladha na rangi ikolee. Hapo flavanoli nyingi hupotea. Kisha huja sukari na maziwa, na mwenye kisukari nyumbani anakatiwa kipande kwa jina la dawa!

Mwaka 2022 yakatoka matokeo makubwa zaidi, ya wazee zaidi ya 21,000 wa Marekani. Waliomeza vidonge vya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli kila siku walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wenzao, ila jumla ya matukio ya moyo na kiharusi haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Na kampuni ya chokoleti ya Mars ilichangia gharama za utafiti huo.

Mtu mwenye presha akiacha vidonge vyake kwa sababu ya ujumbe huu, huku ng'onda na chumvi viko pale pale kwenye sahani, anajiweka hatarini. Nawaomba basi, kila mnapochapisha habari ya chakula na moyo, mtuandikie watu walipewa nini hasa, kiasi gani, kwa muda gani, na nani aliyelipia.

Msomaji wenu,
Michenzani, Unguja