YAH: Viungo vya boriti kulegea kwenye nguzo za gati

Kwa Meneja wa Ujenzi,

Tumepokea barua yenu inayosema viungo vimelegea kwa sababu mvule umenyauka, na kwamba mtamtuma fundi aje kukaza nati. Hatukubali. Ni kweli mbao hunyauka, na nati hukazwa tena baada ya miezi michache, lakini tuliyoyakuta maji ya bamvua yalipokupwa hayatibiki kwa spana.

Tuanze na nguzo za zege. Kila kiti cha chuma kinachobeba boriti kimeshikwa kwa stadi mbili (fito za chuma zenye uzi) za M16, yaani unene wa milimita 16, zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Kwenye nguzo ya tatu kutoka ufukweni, stadi moja ilichomoka kwa mkono. Ilitoka na gundi yake yote, imeizunguka kama ganda, na juu ya ganda hilo vumbi la kijivu. Gundi ilishika vumbi, haikugusa zege. Tundu la milimita 18 hupulizwa hadi chini, husuguliwa kwa brashi ya waya, hupulizwa tena, na kazi hiyo hurudiwa mpaka vumbi liishe; ndipo gundi ijazwe kuanzia chini ili hewa isibaki. Kina nacho tulikipima: milimita 80, na mchoro unasema 125.

Nguzo za chuma zina ugonjwa mwingine. Mmeweka pleti za chuma cha pua, kisha mkazifunga kwa bolti zilizopakwa zinki kwa umeme. Zinki hiyo ni mikroni (elfu za milimita) 5 hadi 12 tu. Mchoro unataka bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto, yenye mikroni 50 hivi. Vyuma viwili tofauti vikigusana kwenye maji ya chumvi, kilicho dhaifu huliwa, na kikiwa kidogo kando ya kikubwa huliwa upesi zaidi. Unga mweupe wa zinki inayoliwa umeshakwisha, sasa ni kutu nyekundu inayobanduka kwa ukucha. Hata zile bolti chache zilizochovywa, uzi wake umekatwa upya kwa dai, kifaa cha kuchonga uzi, ili nati za kawaida ziingie, na zinki yote imekwanguka. Nati zake huuzwa zikiwa zimepanuliwa uzi. Mngeziagiza pamoja.

Kwenye boriti zenyewe, matundu yako milimita 50 kutoka mwisho. Kwa M16 inatakiwa 112, yaani unene wa bolti mara saba. Pungufu ya hapo, boti ikigonga gati mbao hupasuka kwa kufuata nyuzi, na boriti nne zimeshapasuka. Washa za milimita 30 zimezama ndani ya mbao. Ziwekwe za 50, unene 5.

Tunataka yafuatayo ndani ya siku 14. Stadi zote za zege zing'olewe na kuwekwa upya kwa gundi inayokubali tundu lenye unyevu, na kila moja ijaribiwe kwa kuvutwa kwa mashine mbele yetu kabla ya kubebeshwa boriti. Pleti, bolti, nati na washa za nguzo za chuma ziwe zote za kuchovya. Boriti nne zibadilishwe. Kuziba nyufa kwa gundi hatutapokea.

Asilimia 10 ya malipo iliyozuiwa haitatolewa hadi hapo. Picha na vipimo vya kila nguzo vimeambatishwa, pamoja na stadi yenyewe ikiwa na ganda lake.

Kwa niaba ya Kamati ya Gati,
Katibu