Maabara ya Kemia: alama moja, dakika tatu

Mhariri,

Msimu wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ukikaribia, malalamiko huwa yale yale: Kemia ni ngumu. Kwa Karatasi ya Tatu, ile ya maabara, kinachowaangusha wengi ni saa. Karatasi hiyo ina alama 40 na hupewa saa mbili na robo. Dakika 15 za kwanza ni za kusoma na kukagua vifaa, si za kuanza kazi. Zinabaki dakika 120, yaani tatu kwa kila alama. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini ni wanafunzi wachache wanaoingia nayo maabarani.

Chukua titresheni, ile ya kudondosha mmumunyo mmoja kutoka kwenye bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki) hadi mwingine ubadilike rangi. Jedwali lake kwa kawaida lina alama tano, kwa hivyo linastahili dakika 15, au 20 ukihesabu kusuuza bureti na kuifunga kwenye stendi. Lakini utamkuta mtahiniwa dakika ya 45 bado anafukuza tone, anarudia mara ya sita ili apate rangi ya waridi iliyo hafifu kuliko ya kwanza. Jedwali lina safu tatu, moja kwa kila jaribio, yatosha kuzijaza. Matokeo yanayopishana kwa sentimita za ujazo 0.2 au chini ya hapo hutiwa kwenye wastani, na usahihi hupimwa kwa kulinganisha na jibu alilopata mwalimu wa shule hiyo hiyo kwa kemikali hizo hizo. Jaribio la sita halimwongezei mtu kitu.

Kuna pia mazoea ya kujaza bureti hadi sufuri kila mara. Bureti hubeba sentimita za ujazo 50. Ikiwa jaribio la kwanza limetumia 22.6, anza la pili pale pale kwenye 22.6, umalizie karibu na 45.2, ndipo ujaze kwa ajili ya la tatu. Ila la kwanza likizidi 25, jaza upya, maana la pili litapita mstari wa mwisho na hutakuwa na cha kusoma. Na kwa kuwa sasa unajua mwisho uko wapi, fungua koki iteremke hadi zibaki kama mbili hivi, kisha uende tone kwa tone. Wengi huanza kudondosha tone kwa tone tangu sufuri, katika majaribio yote matatu!

Zile dakika 15 za kusoma nazo hupotea bure. Kazi yake kubwa ni kutafuta kila hatua yenye kungoja. Swali likitaka maji yanayochemka, bika (glasi ya maabara) liwekwe motoni mara tu kazi inapoanza, lichemke huku titresheni ikiendelea, mbali na kimiminika chochote kinachoshika moto kama ethanoli. Asiyesoma mbele hugundua haja ya maji moto dakika ya 95, kisha anasimama akiyatazama. Shule ambazo wanafunzi wanne hugawana jiko moja la gesi zina hasara maradufu hapo.

Kwenye utambuzi wa chumvi, muda huliwa na mkono mzito. Maagizo yakisema tumia sentimita mbili za ujazo, mtu humimina nusu ya mrija. Mmumunyo unakwisha kabla ya vipimo kwisha, na anaanza kuutengeneza upya, kama bado ana chumvi. Mwingine humwaga hidroksidi ya sodiamu kwa mkupuo. Ikiwa kuna zinki, alumini au risasi, mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitenga na maji) hutokea kisha huyeyuka kemikali ikizidi, kwa hivyo aliyemwaga huona maji maangavu tu na kuandika kwamba hakuna mashapo. Anapoteza alama ya alichopaswa kuona, na hitimisho linaanguka nalo, kwa kuwa hitimisho lisilotanguliwa na ushahidi halipewi alama. Matone mawili matatu kwanza, andika, kisha zidisha, andika tena.

Hesabu za moli, yaani za kiasi cha kemikali, zisubiri hadi vifaa viwekwe chini au maji yawe yanachemka. Kalamu haihitaji jiko. Grafu, hapana. Ichorwe mara tu vipimo vya jotoridi vikikamilika, kwa sababu ikiachwa hadi mwisho hubanwa kwenye kona ya karatasi, na skeli isiyofika nusu ya nafasi hupoteza alama.

Sasa kwa walimu wakuu. Kipindi cha dabo ni dakika 80. Mwanafunzi anayefanya majaribio katika vipindi hivyo tu hajawahi kumaliza karatasi nzima hata mara moja hadi mtihani wa mazoezi (mock), na pengine wakati huo mwalimu humwongezea muda kwa huruma. Tengeni Jumamosi tatu au nne katika muhula wa pili, saa mbili na robo kamili, saa kubwa ikining'inia mbele ya maabara, na karatasi zikusanywe muda ukiisha, ziwe zimekamilika au la.

Mwalimu wa Kemia,
Kakamega