Maungio ya waya ardhini yasiachiwe tepu pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kila masika hutuletea kazi sisi mafundi umeme wa Dar es Salaam, nalo ni waya zinazoungwa kwa kuzungushiwa tepu nyeusi tu, kisha zikafukiwa ardhini. Mwenye nyumba anataka taa ya getini au umeme wa pampu ya kisima, waya alionunua unapungua mita chache, kinaungwa kipande, udongo unarudishwa. Kiangazi chote taa zinawaka na kila mtu anaridhika.

Tepu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa majini. Gundi yake hulegea, unyevu hupenya hadi kwenye shaba, na umeme huanza kuvujia ardhini. Uvujaji ukifika nusu ampea tu, kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni wati 115, yaani karibu uniti 3 za LUKU kwa siku hata kama hakuna taa iliyowashwa. Breka ya kawaida haiwezi kugundua kiasi kidogo namna hiyo. Kinachogundua ni kile kifaa kinachokata umeme zinapovuja miliampea 30, na wapo wanaokiondoa wakilalamika kwamba kinakatakata ovyo, ilhali kinafanya kazi yake.

Madukani kuna mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, ambayo mafundi wengi tunaijua, lakini iko ya aina mbili na watu huichanganya. Ile myembamba isiyo na gundi inafaa kwa redio na waya za gari. Ikisinyaa hupendeza macho, ila maji hupita kwenye ncha zake. Inayofaa ardhini ina ukuta mnene wa tabaka mbili, na tabaka la ndani ni gundi inayoyeyuka kwa joto na kuziba kila upenyo. Mnunuzi aulize neno moja tu: ina gundi?

Hata hivyo, mrija mzuri hauokoi kazi mbaya. Kila waya wa ndani ya kebo uungwe kwa kikonyo cha shaba, yaani kijibomba kinachopokea ncha mbili za waya, kilichobanwa kwa koleo lake, si kusokotwa kwa mkono, na viungo vipishane ili visikae sambamba. Ganda la kebo lisuguliwe kwa msasa na kufutwa mafuta. Kila waya uvishwe mrija wake, kisha mrija mkubwa ufunike vyote na kulalia ganda la kebo pande zote mbili. Moto uanzie katikati kwenda kwenye ncha, ukitembezwa bila kutulia mahali pamoja, mpaka gundi ichungulie kuzunguka ncha zote mbili. Isipochungulia, kazi haijaisha. Nimewaona pia mafundi wanaosahau kuvisha mrija kabla ya kuunga, halafu wanaupasua kwa kisu, wanaufunga juu ya kiungo na kuuzungushia tepu; hao ni afadhali wangeacha, kwani wamemuuzia mteja tepu ileile kwa bei ya juu.

Kabla ya kufukia, kiungo kiachwe kipoe, kisha waya upimwe kwa mega ya volti 500, yaani kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linazuia umeme kuvuja. Kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, usifukiwe.

Kwa maoni yangu, kiungo bora cha ardhini ni kile ambacho hakipo, kwa hiyo shimo lipimwe kwanza na kebo inunuliwe kipande kimoja. Ikishindikana, mwenye nyumba amtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aombe kukiona kiungo kikiwa bado wazi, na aandike umbali wake kutoka ukutani, maana kikija kuharibika baada ya miaka kadhaa, asiyejua kilipo atalazimika kuchimbua ua mzima.

Msomaji wako,
Fundi umeme,
Mbagala, Dar es Salaam