Barua kwa mwanangu anayetaka kuandika habari za kesho

Sae, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, huku hatujambo. Mama yako bado ana kikohozi lakini sokoni Mwanjelwa anakwenda kama kawaida, na wala usimwambie apumzike, utajitafutia ugomvi.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kiwanda cha chai huko Rungwe wamekuita kazi ya ukarani wa kupokea majani, na wewe unataka kuikataa kwa sababu umesomea mabadiliko ya jamii, tena unataka kuandika juu ya miaka ijayo kama Alvin Toffler, yule mwandishi wa Marekani. Haya. Nitakujibu kwa huyo huyo Toffler. Mwaka wako wa mwisho chuoni kila ukija likizo hukuwa na hadithi nyingine, na ulipoondoka ukatuachia vitabu vyake, nikavisoma jioni na kamusi pembeni.

Alizaliwa New York mwaka 1928, wazazi wake Wayahudi waliohamia kutoka Poland, baba akishona makoti ya manyoya. Ana miaka saba tu akasema atakuwa mwandishi. Akaingia chuo kikuu, akasoma Kiingereza, akakutana na Heidi huko huko. Hadi hapo mnafanana, isipokuwa yeye mchumba alimpata.

Sasa kumbuka walikokwenda walipotoka chuoni. Hawakutafuta ofisi. Walihamia Cleveland, mji wa viwanda, wakaoana mwaka 1950, na kwa miaka mitano wakafanya kazi za mikono. Toffler alikuwa fundi mitambo na mchomeleaji. Heidi alikuwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha alumini, akawa mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi. Uliponisimulia hilo ulilipita haraka haraka, kana kwamba ni miaka waliyoipoteza. Mimi nilikusikiliza kama fundi. Ukiinama na kioo cheusi usoni huoni kitu zaidi ya kile kimwali kwenye ncha ya rodi, lakini masikio yako yako wazi. Karakana ndiko utakakosikia nani kapunguzwa, mashine gani imeletwa, nani anaiogopa na nani anajidai haiogopi. Hapa kwangu siku hizi mteja haniulizi nina michoro gani ya mageti. Anatoa simu, ananionyesha geti la Uturuki, anasema nataka hili hili, na bei anaitaka ya Sae. Vijana wangu wamejifunza kusoma picha kuliko kupima. Mabadiliko ya jamii ndiyo hayo, yananidai kodi ya fremu kila mwezi.

Alijaribu mashairi na hadithi, akajiona hana kipaji hicho. Akaandikia gazeti la chama cha wafanyakazi, kisha akawa mwandishi wa gazeti moja la Pennsylvania huko Washington, kisha jarida la Fortune likampa safu ya mambo ya wafanyakazi. Kwa maoni yangu ile miaka ya Cleveland ndiyo iliyompa cha kusema. Hata kampuni ya kompyuta ya IBM walipotaka waraka juu ya namna kompyuta zitakavyobadilisha jamii na kazi, walimpa yeye aliyewahi kusimama mbele ya mashine.

Kitabu chake Future Shock kilitoka mwaka 1970, kikauzwa mamilioni ya nakala. Mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ya TAZARA ulipoanza. Hoja yake ni kwamba mabadiliko mengi mno kwa muda mfupi mno humfanya mtu awe mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Babu yako aliyebeba zege upande wa Makambako asingehitaji kitabu kuambiwa hilo. Si kila alichotabiri kilikuwa. Miji ya chini ya bahari hatujaiona, magauni ya karatasi hayakushika. Ila habari ya watu kufanyia kazi nyumbani kwa kompyuta aliiandika mwaka 1980, katika The Third Wave, wakati hapa simu ya mezani ilikuwa ya bwana mkubwa.

Kitabu hicho ndicho ninachobishana nacho. Anasema kuna mawimbi matatu, la kilimo, la viwanda na la habari, na kwamba mawimbi hayo hugongana. Ni kweli, lakini nenda Isyonje msimu wa viazi. Mama amelima kwa jembe la mkono. Dalali amekuja na lori la kiwandani anataka lumbesa, gunia limevimba kilemba juu. Mama hajibu. Anafungua kitenge, anatoa kitochi, anampigia mpwa wake aliye sokoni Dar es Salaam amtajie bei ya leo, halafu anamgeukia dalali. Mawimbi yote matatu yako kwenye mkono mmoja, na kwa anavyoyatumia sioni kama amechanganyikiwa. Toffler hakumwandika mama huyo. Wewe unaweza, lakini si ukiwa umekaa Iringa unasoma alivyoandikwa na wengine. Kwenye mizani ya majani ya chai utawaona kila siku, wataongea nawe, watakulalamikia uzito, watakuuliza malipo yatafika lini kwenye simu.

Jambo jingine, la Heidi. Vitabu vile walivifikiri wawili, lakini jina lake halikuonekana pamoja na la mumewe kwenye jalada hadi War and Anti-War, mwaka 1993. Ukiandika na mtu, mkubaliane mapema majina yatakaaje. Binti yao Karen, mtoto wao wa pekee, alifariki mwaka 2000, na hapo sina la kuandika. Toffler alikufa Los Angeles Juni 2016, Heidi akamfuata 2019.

Kiwandani uripoti Jumatatu. Nauli nimeshakurushia, na ya kutolea nimeongeza. Basi likisimama Uyole usishuke kuja kutafuta ushauri mwingine kwa mama yako, tumeshaongea naye na yuko upande wangu. Sweta na mwavuli atakuletea hapo hapo stendi, Tukuyu unaijua kwa mvua. Daftari nunua mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yako