Nyie mnaouza poda ya kalsiamu kwa wajawazito, nisikilizeni mwalimu wenu

Wanangu wa Tanga, naandika nikiwa na hasira na sifichi. Juzi binti wa jirani hapa Makorora, mimba ya miezi mitano, kaja kunionesha kopo la poda aliyouziwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe baiolojia. Shilingi 45,000, hela ya kukaanga maandazi alfajiri. Kaambiwa eti kalsiamu inajenga neva, yaani mishipa ya fahamu, za mtoto, kwa hiyo vijiko vitatu kutwa na mtoto atazaliwa na akili nyingi. Nililishika lile kopo nikakosa la kusema.

Kinachoniuma ni kwamba uongo wenu mmeutoa kwenye kitu cha kweli. Kalsiamu kweli inaongoza neva inayokua, lakini kazi yake hapo ni ishara, sio tofali. Neva changa ina ncha kama kiganja chenye vidole vyembamba, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliielezea mwaka 1890 kwa kuangalia kiinitete cha kuku, na ile ncha inapapasa njia kama wewe umeme ukikatika usiku unavyotafuta mlango kwa kugusa ukuta. Kidole cha kulia kikikutana na kemikali inayoita, mfano netrini, kalsiamu inapanda upande ule na ncha inageukia huko. Sasa tulieni hapa: kwenye seli za chura ilionekana kalsiamu ikipanda vya kutosha upande mmoja ncha inafuata, ikipanda kidogo tu inakwepa. Kitu kile kile! Na mwaka 1999 ikaonekana kwenye uti wa mgongo wa chura kwamba mapigo ya kalsiamu yakiwa ya mara kwa mara, neva inakua taratibu zaidi.

Ndio maana seli inaitoa kalsiamu nje usiku na mchana, huko nje ipo kama mara 10,000 kuliko ndani. Adhana tunaielewa kwa sababu ina wakati wake, muadhini angeita kutwa nzima nani angejua sasa ni alasiri? Nyie mnataka kumwaga kwa kijiko, na hicho kijiko wala hakimpi mtoto akili, mwili wa mama unabana kalsiamu ya kwenye damu isipande ovyo, mkizidisha sana mnamtafutia mawe ya figo.

Vidonge vya kalsiamu vya kliniki ni kwa mama asiyepata ya kutosha kwenye chakula, kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Foliki asidi ianze kabla hata ya kushika mimba, maana mrija wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Pombe aache. Dagaa wapo sokoni, ale na mifupa yake.

Na lawama sio zenu peke yenu jamani. Sisi walimu tuliwakaririsha "kalsiamu, mifupa na meno", mkapata vema, basi. Waume nao wanawaacha wake zao waende kliniki peke yao, mama akirudi na swali wa kumjibu ni anayeuza tu.

Wewe uliyemuuzia yule binti, ulikaa dawati la mbele, ulikuwa unauliza maswali mpaka kengele inalia, nakukumbuka vizuri mwanangu. Kopo liko mezani kwangu, limepungua vijiko sita. Njoo na 45,000 yake, ukae hapa barazani nikuchoree ile ncha upya.