AC haitoi upepo? Fungua filta kwanza kabla hujalipia gesi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie kitu ambacho kinawala hela watu wengi hapa Mwanza, nacho ni hii habari ya AC kuacha kutoa upepo halafu fundi anakuja, hata mfuniko hajafungua, anasema gesi imeisha. Mimi nasimamia lodge ndogo huku Kirumba, vyumba vina AC zile za ukutani, na mafundi wa kila aina wameshapita pale kwahiyo haya nimeyaona kwa macho yangu.

Watu wanachanganya kazi mbili za AC. Kuna kusukuma hewa na kuna kupoza hewa. Inayosukuma ni feni iliyomo ndani ya lile boksi la ukutani, ile ndefu ya kulala ambayo mafundi wanaita bloa, inazungushwa na mota ya umeme na yenyewe haina habari kama gesi ipo au haipo. Gesi kazi yake ni kubeba joto la chumbani kulipeleka kwenye mashine ya nje. Sasa gesi ikipungua mara nyingi utasikia upepo unakuja kama kawaida ila hauna ubaridi. Lakini ukiweka mkono pale mbele na upepo wenyewe ndo hausikii, au unakuja kidogo kidogo, maana yake hewa imezibwa njiani au feni haizunguki inavyotakiwa. Ukijua hilo tu fundi hakuyumbishi.

Na kitu cha kwanza kuangalia ni filta. Nashangaa watu wana AC ndani mwaka wa pili huu na hawajui kama kuna filta, wanadhani ule mfuniko wa mbele ni wa fundi tu. Zima AC, zima na swichi yake ya ukutani, shika mfuniko kwa chini pande mbili unyanyue juu taratibu, utaona nyavu mbili za plastiki, zivute. Ukikuta zimegeuka blanketi la vumbi hapo hapo umepata jibu, hewa haiwezi kuingia kwahiyo haiwezi kutoka. Osha kwa maji ya kawaida, kama zina mafuta weka sabuni kidogo, usitumie maji ya moto na usizianike kwenye jua kali maana plastiki inapinda halafu haikai vizuri tena. Zikauke kivulini kabisa ndo urudishe. Vitabu vingi vinavyokuja na AC vinasema usafishe kila baada ya wiki mbili, na nakubaliana navyo, ila kwa hapa kwetu kuna misimu hata wiki mbili ni nyingi.

Misimu gani hiyo? Kwanza kiangazi, kuanzia Juni huko mpaka Agosti, hasa kwa wanaokaa kwenye zile barabara za vumbi za milimani. Pili wale wadudu wa ziwani. Mtu wa Dodoma hawezi kuelewa hili, lakini sisi wa kando ya ziwa tunawajua, wanapanda toka majini wingi mpaka ukiwaona kwa mbali unadhani kuna moto unawaka kisiwani, upepo ukiwaleta mjini jioni wanafuata taa, asubuhi mnafagia marundo chini ya kila balbu. Hawaumi, ila ni wepesi sana na AC ikiwashwa inawavuta juu kwenye filta, wanakauka pale, wanasagika, wanachanganyika na vumbi na unyevu, inakuwa kama uji ulioganda. Kwangu nimewaambia wahudumu siku za wadudu madirisha yafungwe kabla jua halijazama na taa ya nje iliyo karibu na dirisha izimwe, asubuhi filta za vyumba vya upande wa ziwa zinakung'utwa. Ni kazi ya dakika chache na malalamiko ya wageni yamepungua sana.

Sasa kuna wengine watasema mimi filta nasafisha na bado upepo hamna. Hapo angalia barafu. Ndiyo, barafu, ndani ya AC, hapa hapa Mwanza. Hewa ikipita kidogo kwenye zile koili za ndani, yaani mirija ya kupozea hewa iliyo nyuma ya filta, iwe ni kwa sababu ya filta chafu au koili zenyewe zimejaa uchafu, koili zinakuwa baridi kupita kiasi, unyevu wa hewani unaganda juu yake, barafu inazidi kuziba njia, hewa inazidi kupungua, barafu inaongezeka, yaani inajizungusha hivyo mpaka usiku wa manane mgeni anakupigia simu kwamba AC inanguruma ila haitoi kitu. Ukizima, baada ya muda unaona maji yanachuruzika ukutani, ndo barafu inayeyuka ile. Dawa yake ni kuzima upoozaji, weka kwenye feni tupu au zima kabisa, acha masaa kadhaa iyeyuke yenyewe. Asije mtu na kisu au bisibisi kubandua barafu, ile koili ina mirija myembamba na ukiitoboa hapo ndo gesi itaisha kweli.

Na nikiri jambo moja kwa mafundi ili nisionekane nawaonea: gesi ikiwa pungufu nayo inaweza kuleta barafu. Presha ikishuka koili inapoa chini ya sifuri, unyevu unaganda, upepo unapungua. Kwahiyo kuna siku fundi anasema gesi na yuko sahihi. Lakini mwambie aoshe kwanza, ayeyushe barafu, awashe tena, ndo apime presha ya gesi kwa geji, maana kupima AC iliyoziba kunampa namba ya uongo. Halafu gesi si petroli kwamba inatumika ikaisha. Inazunguka kwenye mabomba ya shaba yaliyofungwa, inaenda inarudi, miaka na miaka. Ikipungua kuna sehemu inavuja, mara nyingi kwenye maungio, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja atarudi kuchukua hela nyingine baada ya miezi michache, na wengine nadhani wanalijua hilo vizuri tu.

Pia si kila gesi inaingia kila AC. Mashine ya nje ina kibandiko kinasema, za zamani zinatumia R22, nyingine R410A, nyingi za siku hizi R32. Hazichanganywi. R22 inaharibu tabaka la ozoni na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, kinabaki kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani, kwahiyo mwenye AC ya namna hiyo ajue inakoelekea. R32 nayo inashika moto ingawa si kwa urahisi, hivyo anayechomelea mabomba yenye gesi ndani anacheza. Na gesi inapimwa kwa mizani, kilo na gramu kama kibandiko kinavyoelekeza, siyo kwa kushika bomba na kusema imetosha.

Rimoti sitaisemea sana, ila usicheke, inasumbua. Mtoto akibonyeza ikaenda kwenye alama ya tone la maji hiyo ni ya kukausha unyevu na feni inaenda polepole makusudi. Kuna alama ya usingizi, kuna spidi ya feni iliyowekwa ya chini kabisa, kuna vile vibao vya kuelekeza upepo vimefungwa nusu. Na wageni wetu wanapenda kuweka 16 wakidhani ndo upepo utakuja kwa nguvu. Nguvu ya upepo inatoka kwenye spidi ya feni, ile 16 inaiambia tu mashine isipumzike, na usiku wa mvua hapa kwetu hali ya hewa yenyewe imeshapoa unashangaa asubuhi barafu imetoka wapi. Sisi tumebandika karatasi chumbani, 24 na feni spidi ya juu, anayetaka zaidi aje mapokezi tuongee.

Kuna bloa yenyewe sasa, hapa ndo pana fedheha. Filta unaosha, koili inaonekana safi, lakini vile vipande vidogo vya feni vimejaa matope meusi mpaka vimekuwa bapa na feni haikamati hewa. Chukua tochi, AC ikiwa imezimwa kabisa mpaka kwenye breka, mulika pale upepo unapotokea, utaona. Hiyo si kazi ya kufanya mwenyewe, inatakiwa pampu ya maji, mfuko wa kukinga ukuta, na sehemu ya umeme ifunikwe vizuri. Hapa ndo naomba mafundi na wateja tuambiane ukweli. Fundi mmoja aliniambia akimwambia mteja alipie kuosha, mteja anaona anaibiwa, ati kuosha hata dada wa nyumbani anaosha, lakini akisema gesi hela inatoka bila maswali. Kwahiyo sisi wateja tumemfundisha fundi kusema gesi. Mafundi waliosomea majokofu na viyoyozi wapo mjini hapa, ila wanashindana na mtu mwenye mtungi mmoja na bodaboda, na sisi tunamchukua wa mtungi kwa sababu anakuja haraka.

Umeme nao msisahau. Inatakiwa volti 230 hivi, kuna mitaa jioni unaona balbu zimefifia, feni inalegea na mashine ya nje inahangaika kuwaka. Ukiona upepo unapungua kila siku saa zile zile za jioni na usiku wa manane unarudi, usimwite fundi wa AC, pima umeme kwanza na utoe taarifa kwa wahusika.

Ombi langu kwa wauza AC wa mjini ni hili, mnapofunga AC kwa mteja mwonyesheni filta ilipo na jinsi ya kuitoa, inachukua muda mfupi kuliko kuandika risiti. Na wenye nyumba za kupangisha, mpangaji akiingia mkabidhini funguo na maelezo ya filta, siyo miezi sita mnaanza kugombana nani kaua AC.

Na yule ambaye filta ni safi, barafu hakuna, rimoti iko sawa, umeme upo wa kutosha, na bado feni inanguruma bila kuzunguka au inazunguka kivivu, huyo amwite fundi. Kwenye AC nyingi za kawaida huwa ni kapasita ndogo ya mota ya feni imekufa, kile kidude kinachosaidia mota izunguke, au mota yenyewe, na kwenye hizi mpya inaweza kuwa bodi ya umeme inayoendesha AC. Asiiguse mwenyewe maana kapasita inabaki na umeme hata ukishazima. Fundi akifika amwonyeshe hiyo feni kwanza, na mtungi wa gesi ubaki kwenye bodaboda mpaka hapo.

Msimamizi wa lodge,
Kirumba, Mwanza