Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Walimu wa Kiingereza wa Sekondari, Morogoro

Ndugu wanachama,

Vikao vitatu vya kamati na semina mbili vilifanyika. Mihtasari mnayo, sitairudia. Mapato pamoja na salio la mwaka jana ni shilingi 715,000, matumizi 640,000, baki 75,000.

Niende kwenye lile linalosemwa pembeni: kusimamisha mdahalo wa mwaka huu na kupeleka shilingi 380,000 kwenye vifaa vya zoezi la kupanga safari. Imesemwa nimejiamulia peke yangu. Si kweli. Kamati ilipitisha, akidi ilitimia, na stakabadhi ziko kwa mweka hazina.

Kwenye mdahalo wanasimama wanafunzi wanane waliokariri hotuba, ukumbi mzima unapiga makofi. Kwenye kupanga safari wanakaa wanne meza moja: mmoja ana nauli za basi, mwingine saa za kuondoka, wa tatu bei za vyumba, wa nne viingilio vya hifadhi. Hakuna kuonyeshana karatasi. Bajeti ni moja, na haitoshi Mikumi na Udzungwa zote mbili. Lazima waulizane, wabishane, wakubaliane, yote kwa Kiingereza. Aliye kimya naye atasema tu, maana bila nauli aliyoishika yeye hakuna safari.

Kadi za kwanza nilizikata mwenyewe kwa manila, usiku, nyumbani kwangu, nikazijaribu na Kidato cha Pili changu. Kundi moja lilihoji kwa nini walipe kiingilio Mikumi wakati barabara kuu ya Iringa inapita ndani ya hifadhi na twiga huonekana dirishani mwa basi. Wakachagua maporomoko ya Sanje kule Udzungwa. Hoja hiyo aliitoa binti ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake darasani. Ndugu zangu, hilo kwangu lilitosha.

Ni kweli makundi mengine yalirudi kwenye Kiswahili baada ya dakika tano. Zoezi lisilaumiwe. Tuliruka hatua ya kuwapa kwanza maneno ya kuuliza bei, kupendekeza na kukataa kwa adabu. Anayesema mtihani wa Kidato cha Nne ni wa kuandika, namjibu kwamba mtoto huyo atakwenda pia kwenye usaili wa kazi, na huko ataulizwa kwa mdomo.

Haya yote niliyaeleza semina ya Juni. Tuko wanachama 64, walikuja 17. Ada wamelipa 23. Wenzetu 41 wanadaiwa jumla ya shilingi 820,000. Kwa fedha hizo mdahalo na kadi vingefanyika vyote, na ugomvi huu usingekuwepo. Inaniuma kulaumiwa na mtu ambaye hajaja wala hajalipa.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupeleka walau kundi moja la wanafunzi Mikumi, wasafiri kwa mpango waliouandaa wenyewe. Mdahalo nao utaangaliwa hali ikiruhusu.

Daftari la ada liko kwa mweka hazina, meza ya mlangoni, hadi saa kumi jioni.

Mwenyekiti